Mstari wa kijani wa 1869: uchambuzi wa kisa cha elementi ambayo haikuwahi kuwepo

Alasiri ya tarehe 7 Agosti 1869, kivuli cha mwezi kilikatiza Amerika Kaskazini kutoka Alaska hadi Carolina Kaskazini. Katika mji wa Burlington, jimbo la Iowa, watu walikuwa wameinua nyuso zao juu. Charles Augustus Young, profesa wa chuo cha Dartmouth, hakuinua wake. Jicho lake lilikuwa kwenye spektroskopu, chombo kinachoutawanya mwanga kuwa utepe wa rangi zake, iliyofungwa nyuma ya darubini, akisubiri jua lifunikwe. Alikuwa na dakika kama tatu tu za kufanya kazi aliyoijia.

Giza lilipoingia, ule utepe wa rangi aliokuwa akiuangalia ulififia, ukabaki mstari mmoja mwembamba wa kijani. Mstari huo haukutoka kwenye uso wa jua, maana uso ulikuwa umeshazibwa. Ulitoka kwenye taji la jua, ule mwanga mweupe wa lulu unaolizunguka jua lililopatwa, ambao wanasayansi huuita korona. Zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo, mjini Des Moines, William Harkness wa kituo cha unajimu cha Jeshi la Wanamaji la Marekani aliuona mstari uleule, siku ileile, bila wawili hao kuulizana.

Wote wawili waliona sawa. Hilo nalisema mapema kwa sababu kisa hiki mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya watu waliodanganywa na macho yao, na si kweli. Chombo kilifanya kazi, jicho lilifanya kazi, mstari ulikuwepo na upo mpaka leo. Kilichokosewa ni jibu la swali moja: unatoka kwa kitu gani? Jibu sahihi lilipatikana baada ya miaka zaidi ya 70, na katika muda huo vitabu vilikuwa na elementi iliyoitwa koroniamu, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuishika wala angeweza kuishika.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi. Kinachonivuta ni kwamba ushahidi wa jibu sahihi ulikuwa unarundikana mbele ya kila mtu, kupatwa baada ya kupatwa, na ukawa unasomwa upande mmoja tu.

Mwanga unapotaja jina

Nyunyiza chumvi ya mezani kidogo kwenye mwali wa gesi. Mwali uliokuwa wa buluu unageuka manjano papo hapo. Hiyo ni sodiamu iliyomo ndani ya chumvi. Ukiupitisha mwanga huo kwenye prisma, hupati utepe wa rangi zote kama upinde wa mvua. Unapata mistari miwili ya manjano iliyokaribiana sana, nanomita 589.0 na 589.6, na giza pembeni. Nanomita moja ni sehemu ya milioni moja ya milimita, kwa hiyo tunazungumzia vipimo vidogo mno, lakini havibadiliki. Sodiamu ya jikoni na sodiamu ya kwenye nyota hutoa mistari ileile.

Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen waliligeuza jambo hili kuwa chombo cha kazi mjini Heidelberg mwaka 1859 na 1860. Kila elementi ina mistari yake, kama alama za vidole. Ghafla jua, lililo umbali wa kilomita milioni 150, likaanza kusomeka. Uso wake hutoa utepe kamili wa rangi uliokatwakatwa na mistari myeusi, ambako gesi za juu yake zimemeza rangi zao, na mistari mingi kati ya hiyo ni ya chuma.

Taji lilikuwa tatizo la aina nyingine. Mwangaza wake wote unakaribia ule wa mwezi mpevu, yaani kama sehemu moja ya milioni ya mwangaza wa uso wa jua. Mchana wa kawaida, hewa yetu husambaza mwanga wa jua kila upande, na mng'ao huo wa anga unatosha kulimeza taji lote. Njia pekee ilikuwa kungoja mwezi. Jua ni pana kuliko mwezi mara 400 hivi, na liko mbali kuliko mwezi mara 400 hivi, ndiyo maana kifuniko kinaenea barabara. Kwa dakika chache, mahali pembamba juu ya dunia, anga inazimwa na taji linabaki.

Watu walifika mbali kuzifuata dakika hizo. Desemba 1870, wakati Paris imezingirwa na majeshi ya Prussia, Jules Janssen alitoka mjini kwa puto, akapita juu ya mistari ya adui, akafika Oran nchini Algeria kwa ajili ya kupatwa kwa tarehe 22. Alipofika, mawingu yakatanda. Kila ninapofikiria thamani ya mstari mmoja wa kijani, namkumbuka Janssen amesimama chini ya wingu.

Ushindi wa manjano uliotangulia

Huwezi kuelewa kwa nini watu waliiamini koroniamu bila kuijua heliamu.

Mwaka mmoja kabla ya Burlington, tarehe 18 Agosti 1868, jua lilipatwa India. Janssen, akiwa Guntur, alielekeza spektroskopu yake kwenye ile miali myekundu ya gesi inayochomoza ukingoni mwa jua, akaona mistari iliyong'aa kiasi kwamba kesho yake aliiona tena bila kupatwa kokote. Norman Lockyer, akiwa Uingereza, alifikia njia hiyohiyo mwezi Oktoba kwa juhudi zake mwenyewe, na taarifa zao zilifika kwenye Akademia ya Sayansi ya Ufaransa siku moja. Miongoni mwa mistari hiyo ulikuwepo wa manjano, nanomita 587.6, karibu na ile ya sodiamu lakini si yenyewe. Lockyer akasema hii ni elementi ambayo dunia haijaiona, nayo ikapewa jina la heliamu, kutokana na neno la Kigiriki la jua.

Wakemia wengi hawakulipokea. Kisha mwaka 1895 William Ramsay akaipata gesi hiyo ndani ya madini yenye urani, na mstari wake ukawa palepale. Lockyer alikuwa sahihi.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwanasayansi wa mwaka 1895. Jua limekuonyesha mstari mgeni wa manjano, mtu akasema ni elementi mpya, akabezwa, mwisho akathibitishwa. Mstari mwingine mgeni, wa kijani, umekaa mezani tangu 1869. Utasema nini? Mimi ningesema walichosema wao. Jina la koroniamu lilikuwa limeshaanza kutumika tangu miaka ya 1880, na heliamu ilipopatikana maabarani, koroniamu nayo ikaonekana kama mdogo wake aliye njiani. Hili ndilo kosa la kwanza katika kisa, na ni kosa lenye heshima: mfano mmoja uliofaulu ulitumika kama ushahidi wa mfano mwingine.

Chuma kilichokataliwa

Kuna jambo dogo katika maelezo ya Young ambalo lingestahili kusimuliwa kila mahali kisa hiki kinapotajwa. Alipolinganisha mstari wake na ramani ya Kirchhoff ya mistari ya jua, aliona unaangukia namba 1474. Namba hiyo kwenye ramani ilikuwa ya mstari wa chuma, na kwa miaka mingi waangalizi waliuita mstari wa taji kwa namba hiyo tu.

Kwa hiyo chuma kilitajwa tangu siku ya kwanza. Kilikataliwa kwa sababu ya kueleweka: chuma cha maabara hutoa mamia ya mistari, na hapa ulionekana mmoja. Je, chuma kiwe angani kikiwa kimeficha mistari yake yote na kubakiza huo? Tena gesi ya chuma ni nzito, wakati mstari ulionekana juu sana, mbali na uso wa jua. Chuma kingewezaje kuelea huko?

Kisha picha zilizopigwa wakati wa kupatwa kwa Januari 1898 kule India zikaonyesha kwamba hata huko kulingana na namba 1474 kulikuwa kosa la kipimo. Mstari wa ramani uko kwenye nanomita 531.7 hivi, wa taji uko kwenye 530.3. Tofauti ya nanomita moja na kidogo ni ndogo kwa macho yanayopepesa gizani kwa dakika tatu, lakini kwa picha ilionekana wazi. Chuma kikatolewa kabisa.

Na mwisho wa kisa jibu lilikuwa chuma. Young alikitaja kwa sababu isiyo sahihi, wenzake wakakiondoa kwa sababu sahihi, na wote wakabaki mbali na ukweli. Kipimo kilichoboreshwa kiliwapeleka mbali zaidi na jibu, na naona hakuna mtu wa kulaumiwa kwa hilo. Ndivyo uchunguzi ulivyo pale dhana moja ya msingi ikiwa imepinda.

Njia panda: nyepesi au ya moto

Hapa ndipo moyo wa kisa ulipo.

Gesi yoyote iliyo juu ya jua inavutwa chini na uvutano mkali, karibu mara 28 ya ule wa dunia. Kinachoizuia isianguke ni mwendo wa chembe zake. Gesi hupungua kadiri unavyopanda, na unaweza kukokotoa kimo ambacho msongamano wake unashuka hadi kama theluthi ya ulivyokuwa. Chukua haidrojeni, elementi nyepesi kuliko zote, uipe joto la uso wa jua, nyuzi 6,000 hivi. Kimo hicho kinatoka kama kilomita 180. Baada ya kilomita elfu moja au mbili ungetegemea usione kitu tena.

Lakini taji huonekana likienda mamia ya maelfu ya kilomita, na mstari wa kijani unalifuata mbali sana.

Katika hesabu hiyo kuna vitu viwili tu unavyoweza kuvigusa ili gesi ipande juu zaidi: uzito wa chembe na joto lake. Punguza uzito, itapanda. Ongeza joto, itapanda vilevile. Hesabu haikuambii uchague kipi.

Karibu wote walichagua uzito. Dmitri Mendeleev mwenyewe, mwanzoni mwa karne ya 20, aliiweka koroniamu kwenye jedwali lake la elementi kabla ya haidrojeni, akaikadiria uzito wa atomi wa 0.4 hivi, haidrojeni ikiwa 1. Elementi nyepesi kuliko nyepesi zote, inayoelea juu ya jua kwa wepesi wake. Ilikuwa dhana nzuri yenye mantiki, nayo ilieleza kwa pamoja kimo cha taji na ugeni wa mstari.

Kwa nini hawakuchagua joto? Kwa sababu ilionekana kinyume cha akili. Joto la jua hutoka ndani kwenda nje. Ukiondoka kwenye moto unapoa. Hujawahi kuona mtu anarudi nyuma kutoka jikoni na kuungua zaidi. Kusema gesi iliyo mbali na uso ni ya moto kuliko uso wenyewe, tena mara mia kadhaa, kulionekana kama kuvunja kanuni za fizikia. Elementi mpya ilikuwa bei ndogo ya kulipa.

Ukiweka joto la nyuzi milioni 2 kwenye hesabu ileile, kwa gesi ya haidrojeni iliyovunjika kuwa protoni na elektroni, kimo kinakuwa karibu kilomita 120,000. Hicho ndicho taji lilichokuwa likionyesha kwa macho matupu. Umbo lake lenyewe, ule ukubwa wake ambao kila mtu aliyesimama ndani ya kivuli aliuona, ulikuwa kipimajoto.

Dalili tatu zilizopita bila kusomwa

Dalili ya kwanza ilitokana na jua kubadilika. Kupatwa kwa 1869 kulitokea jua likikaribia kilele cha 1870, wakati madoa meusi usoni mwake huwa mengi, na mstari wa kijani ulikuwa imara. Julai 1878, jua likiwa limetulia, kivuli kilipita tena Marekani, na mistari ing'aayo ya taji ilikuwa imefifia mno. Henry Draper hakuiona kabisa. Leo tunajua kwa nini: kwenye kilele taji huwa la moto zaidi na mstari wa kijani hushamiri, kwenye utulivu mstari mwekundu wa nanomita 637.4 huchukua nafasi. Kama koroniamu ni elementi iliyo kwenye taji, ilikwenda wapi mwaka 1878?

Dalili ya pili iko kwenye mwanga mweupe wa taji. Mwanga huo ni wa jua lenyewe, umegonga kitu na kurudishwa kwetu. Ungepaswa kuja na mistari myeusi ya jua. Janssen aliiona mistari hiyo India mwaka 1871, na tunajua sasa kwamba ilitokana na vumbi lililotapakaa kati yetu na jua. Lakini karibu na ukingo wa jua mistari ile imefutika. Mwaka 1929 Walter Grotrian wa Potsdam alikwenda Sumatra kwa kupatwa kwa tarehe 9 Mei, na spektra zake zikamfikisha kwenye maelezo yanayosimama mpaka leo: mwanga unatawanywa na elektroni huru zinazokwenda kasi ya ajabu, maelfu ya kilomita kwa sekunde, kila moja ikiusogeza mstari upande wake hadi yote inachanganyika na kufutika. Elektroni za kasi hiyo zina maana moja tu, nalo ni joto la mamilioni. Hata hivyo, wengi waliitafutia kasi hiyo sababu nyingine.

Dalili ya tatu nitaikalia kidogo, kwa kuwa inaonyesha jinsi dhana potofu inavyojilinda.

Bernard Lyot, Mfaransa, alitengeneza koronagrafu mwaka 1930 na kuipandisha kwenye mlima Pic du Midi, karibu mita 2,900 juu ya usawa wa bahari. Ni darubini yenye kisahani ndani yake kinachofanya kazi ya mwezi, na lenzi safi kiasi kwamba vumbi na mikwaruzo havisambazi mwanga. Kwa mara ya kwanza mtu angeweza kukaa na mstari wa kijani kwa saa nzima badala ya dakika tatu. Lyot akaupima upana wake. Mstari haukuwa mwembamba kama ulivyodhaniwa. Ulikuwa mpana, kwa sababu atomi zinazoutoa zinakimbia huku na huko.

Upana unakupa kasi ya atomi, na hapa inakuwa zaidi ya kilomita 20 kwa sekunde. Lakini kasi peke yake haikupi joto mpaka ujue uzito wa atomi. Nimekokotoa mwenyewe ili nione. Kama atomi ni chuma, chenye uzito wa 56, kasi hiyo inadai joto la karibu nyuzi milioni 2. Kama ni haidrojeni, inatosha nyuzi 36,000 hivi. Kama ni koroniamu ya Mendeleev yenye uzito wa 0.4, unahitaji 14,000 tu, kiasi ambacho hakimshtui mtu. Maana yake ni kwamba aliyeamini elementi nyepesi angeupokea upana ule bila wasiwasi, na aliyeamini taji si la moto sana angetaka elementi nyepesi. Makosa mawili yalikuwa yameegemeana, na kila moja lilimshikilia mwenzake asianguke.

Jedwali lilipojaa

Kilichoanza kuitikisa koroniamu hakikutoka kwenye jua. Mwaka 1913 Henry Moseley, kwa kutumia miale ya eksi, alionyesha kwamba elementi zinapangwa kwa namba kamili: haidrojeni ni 1, heliamu ni 2, na kuendelea. Kati ya 1 na 2 hakuna kitu, na kabla ya 1 hakuna kitu. Nafasi chache zilizobaki wazi zilikuwa kwa elementi nzito. Koroniamu haikuwa na pa kukaa.

Pigo la pili lilikuwa la nebuliamu, elementi nyingine iliyobuniwa kutokana na mistari ya kijani kwenye mawingu ya gesi ya mbali kati ya nyota. Mwaka 1927 Ira Bowen alionyesha kwamba mistari hiyo ni ya oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, iliyo kwenye gesi nyembamba mno. Ufunguo wake ni huu: atomi ikiwa imepata nguvu ya ziada kwa kawaida huitoa kama mwanga ndani ya muda mfupi kupita kiasi, sehemu ya milioni mia moja ya sekunde hivi. Lakini kuna hali chache ambazo atomi hukawia ndani yake muda mrefu kuliko huo. Kwenye gesi nzito atomi nyingine huja kuigonga na kuipokonya nguvu kabla haijang'aa, ndiyo maana mistari hiyo haionekani maabarani na ikaitwa mistari iliyokatazwa. Kwenye utupu wa angani hakuna wa kuigonga upesi, basi inang'aa.

Baada ya 1927, mtu mwenye macho angeweza kuuliza: je, mstari wa taji nao ni uleule mchezo, elementi ya kawaida katika hali isiyo ya kawaida? Waliuliza. Walichokosa ni vipimo, maana hakuna aliyejua viwango vya nguvu vya atomi zilizovuliwa elektroni nyingi.

Vipimo hivyo vilitoka Uppsala, Sweden. Bengt Edlén alikuwa akirusha cheche kali za umeme ndani ya chombo kilichonyonywa hewa na kupima mwanga wa urujuanimno uliotoka, kazi ya subira isiyolenga jua hata kidogo. Miongoni mwa aliyoyapima ilikuwemo chuma iliyopoteza elektroni tisa na kumi. Mwaka 1939 Grotrian, yuleyule wa Sumatra, aliziangalia namba za Edlén na kuona kwamba tofauti kati ya viwango viwili vya chini kabisa vya chuma isiyo na elektroni tisa inalingana na mstari mwekundu wa taji wa 637.4. Chuma isiyo na elektroni kumi ikalingana na mstari mwingine wa 789.2.

Edlén akaendelea na iliyobaki. Kwa mstari wa kijani hakuwa na kipimo cha moja kwa moja. Alifuata mfululizo wa atomi zenye mpangilio uleule wa elektroni, kutoka nyepesi kwenda nzito, akakadiria pale chuma ingepaswa kuangukia. Jibu: chuma iliyopoteza elektroni 13 kati ya 26 zake. Aliitangaza kazi yake mwaka 1941, wakati Ulaya iko vitani. Elektroni 13 haziondoki kwa nyuzi 6,000. Zinataka karibu milioni 2. Hapo maswali yote ya nyuma yalijibiwa kwa pigo moja: kimo, upana, mistari iliyofutika, mistari mingine ya chuma isiyoonekana, kufifia kwa 1878.

Atomi hiyo ya chuma hukaa na nguvu yake kwa wastani wa sehemu moja ya sitini ya sekunde kabla ya kuutoa mwanga wake wa kijani. Kwa atomi huo ni umri mrefu. Inaweza kungoja hivyo kwa sababu taji ni jembamba kuliko utupu mwingi tunaoutengeneza hapa duniani.

Kilichobaki wazi

Kama ningetakiwa kutaja hatua moja ambayo ingefupisha kisa hiki, nisingetaja chombo bora. Ningetaja ile njia panda ya uzito na joto. Mtu mmoja, hata mwaka 1900, angeandika pande zote mbili za hesabu kwenye karatasi moja na kusema: sina sababu ya kuchagua, nitazipima zote. Upande wa joto ulitupwa bila kupimwa kwa kuwa haukuwa na maelezo. Na ukweli ni kwamba maelezo kamili hayajapatikana hata leo. Tunajua joto la taji. Hatujakubaliana linavyofika huko. Nguvu inatoka kwenye mchafuko wa gesi ya chini na kupanda kupitia uga sumaku, hapo hakuna ubishi mkubwa. Ubishi ni kama inaachwa juu na mawimbi yanayosafiri kwenye uga huo, au na milipuko midogo isiyohesabika pale mistari ya uga inapokatika na kuungana upya, au vyote viwili kwa viwango gani.

Ndiyo maana kupatwa bado kunafuatwa na wanasayansi pamoja na vyombo vyote vilivyo angani. Visahani vya koronagrafu za angani hulazimika kuficha zaidi ya jua lenyewe. Ile inayoitwa LASCO C2, kwenye chombo cha SOHO, huanza kuona taji kutoka umbali wa karibu nusukipenyo mbili za jua. Eneo la chini ya hapo, ambako joto linapanda na upepo wa jua, ule mkondo wa chembe unaotoka kwenye jua, unaanza kukusanya kasi, mwezi huliacha wazi kuanzia ukingoni. Timu ya Shadia Habbal wa Chuo Kikuu cha Hawaii imezunguka dunia ikipiga picha za taji kwa vichujio vya mistari ya chuma, ukiwemo wa 530.3, ili kuchora ramani ya joto. Mwaka 2017 na 2024 ndege za NASA aina ya WB-57 zilikimbizana na kivuli juu ya Marekani ili kurefusha dakika. Chombo cha India, Aditya-L1, kilichorushwa Septemba 2023, kina koronagrafu inayoupima mstari wa kijani. Proba-3 ya Ulaya, iliyorushwa Desemba 2024, ni vyombo viwili vinavyoruka kama mita 150 kutoka kimoja hadi kingine, cha mbele kikimfanyia cha nyuma kazi ya mwezi.

Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kitapita Hispania ya kusini, Afrika ya Kaskazini, Uarabuni na ncha ya Somalia, na karibu na Luxor nchini Misri giza litadumu zaidi ya dakika sita, mara mbili ya zile za Young. Atakayeuona mstari wake hahitaji spektroskopu ya profesa. Utando wa plastiki wenye mistari mamia kwa kila milimita, unaotawanya rangi kama prisma, ukifungwa mbele ya lenzi ya kamera iliyo kwenye miguu mitatu, unatosha. Sekunde za kwanza za giza picha itaonyesha vipande vya mwezi mwandamo vya rangi mbalimbali, vyekundu vya haidrojeni na vya manjano vya heliamu, vilivyopinda kufuata ukingo wa jua. Vitafupika na kutoweka kadiri mwezi unavyosogea. Kati ya nyekundu na buluu kitabaki kitu kilichofifia, cha mviringo kamili, pete ya kijani isiyokatika: chuma isiyo na nusu ya elektroni zake, iking'aa kulizunguka jua lote.